Upinzani wa Kirafiki katika Triathloni: Mfano wa Njombe na Makambako

Upinzani wa kirafiki ni uhusiano wa wanamichezo wanaoshindana kwa dhati huku kila mmoja akitaka mwenzake abaki mzima, aendelee na mchezo na azidi kuwa mgumu kushindwa. Kwa mwanamichezo wa ridhaa, anayefanya mazoezi kabla au baada ya kazi bila mshahara wala kocha wa kudumu, uhusiano huu hufanya kazi ambayo kwa wachezaji wa kulipwa hufanywa na klabu, mkataba na zawadi. Makala hii inaueleza upinzani huo kupitia triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, katika mazingira ya miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, Njombe na Makambako. Faida yake kubwa huonekana katika siku za kawaida za mazoezi kuliko siku ya mashindano, na hudumu pale tu wahusika wanapofuata masharti ambayo Watanzania wameyazoea tangu zamani kupitia utani.

Sifa za mpinzani

Si kila anayekimbia barabara moja nawe ni mpinzani wako. Gavin Kilduff, mtafiti wa Marekani aliyechambua kumbukumbu za matokeo ya klabu ya wakimbiaji wa kawaida na kuchapisha kazi yake mwaka 2014, anataja mambo matatu yanayozaa upinzani. La kwanza ni kufanana: umri unaokaribiana, jinsia moja, kiwango kimoja. La pili ni kukutana mara kwa mara. La tatu ni matokeo kukaribiana, leo huyu kashinda kwa sekunde chache, mwezi ujao yule. Yakikutana yote matatu, mtu huanza kumfikiria mwenzake hata siku ambayo hawashindani.

Miaka 60 kabla ya Kilduff, mwaka 1954, mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza chanzo cha tabia hiyo. Binadamu hutaka kujua uwezo wake, na asipopata kipimo cha wazi hujipima kwa wenzake, tena huwachagua walio karibu na hali yake. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2:09:48 sawa na Mjerumani Amanal Petros aliyepitwa kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, kila mkimbiaji wa Tanzania aliona fahari. Hata hivyo karani wa Makambako anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 55 hana cha kujipima kwa Simbu. Bingwa humpa ndoto. Anayemtoa kitandani saa kumi na moja alfajiri ni jirani anayezikimbia kilomita hizo kwa dakika 54.

Kwa nafasi, wapinzani wa mwanamichezo wa ridhaa ni wa aina tatu. Yupo wa mbele, ambaye bado hujamfikia na unamtumia kama shabaha. Yupo wa ubavuni, mnayepokezana ushindi. Yupo wa nyuma, anayepanda haraka na kukunyima usingizi. Mwanamichezo mwenye bahati huwa na wote watatu kwa wakati mmoja, na kila msimu nafasi hizo hubadilika.

Utani kama msingi

Mtanzania hahitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kumkejeli mwenzake hadharani bila kuvunja undugu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Leo ni watani: hukejeliana msibani, hutwaliana vitu bila kuomba, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Mji wa Njombe uko katikati ya Iringa na Songea, yaani kati ya nchi ya Wahehe upande wa kaskazini na ya Wangoni upande wa kusini, na Wabena, walio wenyeji wake wengi, wanaufahamu utaratibu huo vizuri.

Soka nalo limeuchukua. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 huitwa watani wa jadi, na tambo za mashabiki wao hujaza vijiwe vya bodaboda na vibanda vya chipsi nchi nzima. Shabiki wa kweli, hata akiiombea timu ya pili ipoteze kila mechi, hataki ifutike. Ikifutika, naye atakosa wa kumtambia.

Utani una masharti ambayo mara nyingi hayatamkwi. Kejeli ni ya zamu, anayetania leo lazima akubali kutaniwa kesho. Kejeli hailipizwi kwa kisasi. Lililo zito zaidi ni kwamba mtani ana wajibu wakati wa shida: yule anayekucheka ndiye pia anayetarajiwa kushika kazi kwenye msiba wako. Masharti haya yakihamishiwa kwenye mazoezi yanampa mwanamichezo mpinzani anayemchokoza kila wiki, na ambaye baiskeli ikikatika mnyororo njiani ndiye wa kwanza kurudi nyuma kumtafuta.

Triathloni, mchezo uliotokana na ubishi

Mashindano ya kwanza ya triathloni katika sura inayofahamika sasa yalifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Yaliyoutangaza mchezo huu duniani yalizaliwa miaka michache baadaye kisiwani Oahu, Hawaii, kutokana na ubishi wa marafiki. Waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli walikuwa wakibishana nani kati yao ni mkakamavu zaidi. John Collins, ofisa wa jeshi la wanamaji, akapendekeza ubishi umalizwe kwa kuunganisha mashindano matatu ya kisiwa hicho kuwa mamoja: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli takriban kilomita 180, kisha marathoni ya kilomita 42.195. Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 walianza, 12 wakamaliza, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mashindano hayo ndiyo yaliyoitwa Ironman.

Mchezo huu uliendelea kukuzwa na wapinzani. Dave Scott alikuwa ameshinda Ironman ya Hawaii mara sita wakati Mark Allen alikuwa hajashinda hata mara moja. Tarehe 14 Oktoba 1989 wawili hao walikwenda sambamba kwa karibu saa nane, wakiwaacha wengine wote mbali, hadi Allen alipochomoka kwenye mlima wa mwisho na kumaliza kwa saa 8:09:15. Scott alifika sekunde 58 baadaye. Wote wawili walikuwa wameivunja rekodi ya mashindano hayo. Aliyeshindwa naye alikuwa amekwenda kasi kuliko siku yoyote aliyowahi kushinda hapo.

Triathloni iliingia Olimpiki huko Sydney mwaka 2000 kwa kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Zipo pia mbio fupi za mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, zinazowafaa wanaoanza. Katika Afrika Mashariki, tarehe 14 Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa mashindano ya nusu Ironman, yaani kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na kukimbia kilomita 21.1. Kwa mtu wa ukanda huu, safari ya kwenda kujipima katika mashindano makubwa imekuwa fupi kuliko zamani.

Mazingira ya Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa mkoa wa Iringa. Ndani yake kuna halmashauri mbili za mji, Njombe yenye makao makuu ya mkoa na Makambako yenye njia panda. Makambako ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Miji hii imetenganishwa na takriban kilomita 60 za lami inayopanda na kushuka. Mmoja hujivunia ofisi na baridi yake, mwingine biashara na shughuli zisizolala. Tambo kati ya watu wake hazihitaji mwasisi.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako chini kidogo ya hapo. Kwenye kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Anayehamia kutoka Dar es Salaam hujikuta anahema kwenye mlima ambao wenyeji wanaupanda wakizungumza. Mwili hujirekebisha baada ya wiki kadhaa kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kasi ya kukimbia hapo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya uwanda wa chini. Hii ni sababu mojawapo ya mwanamichezo wa Njombe kujipima kwa mtu wa Njombe. Saa inaweza kumdanganya. Mwenzake anayepumua hewa ileile hamdanganyi.

Makambako inajulikana kwa upepo, hata imekuwa ikitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme kwa nguvu hiyo. Kwa mwendesha baiskeli, upepo ni mlima usioonekana, na siku unapovuma kwa mbele barabara tambarare humchosha kama mwinuko. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ni msimu wa baridi kali, na baadhi ya usiku umande huganda kuwa barafu mashambani. Asubuhi ya Julai kitanda kina nguvu nyingi kuliko ratiba yoyote ya mazoezi, na hapo ndipo mpinzani anapoonyesha thamani yake.

Kwa kukimbia, eneo hili limejaliwa njia za vumbi zisizo na magari mengi, zikipita kwenye misitu ya kupandwa, mashamba ya chai upande wa Kibena na bustani za parachichi na viazi. Kwa baiskeli kuna lami yenye milima ya kutosha, ingawa barabara kuu inayopita Makambako ina malori mengi yaendayo Zambia. Tatizo ni maji. Ziwa Nyasa linapakana na wilaya ya Ludewa, karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kulifikia ni kuteremka milima ya Livingstone. Wengi hutegemea bwawa lolote la kuogelea litakalopatikana, au hufanya duathloni, mchezo ndugu unaoanza kwa kukimbia, ukafuata baiskeli na kumalizia kwa kukimbia tena. Sura yake fupi ni kilomita 5, 20 na 2.5, na haihitaji ziwa.

Jinsi upinzani unavyomkuza mtu

Uwepo wa mwenzako huongeza kasi. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani alichunguza kumbukumbu za mbio za baiskeli na kuona kwamba waendeshaji walikwenda kasi zaidi waliposhindana au walipotanguliwa na mwenzao kuliko walipokuwa peke yao na saa. Sehemu ya tofauti hiyo ni upepo: anayeendesha nyuma ya mwenzake hukatiwa hewa na kutumia nguvu kidogo. Triplett aliamini kwamba ipo pia sehemu ya akili, akaijaribu kwa kuwapa watoto kazi ya kuzungusha magurudumu ya ndoano za kuvulia, ambako upepo hauna nafasi. Karibu nusu yao walizungusha haraka zaidi penye mshindani.

Mpinzani huongeza zaidi ya mshindani wa kawaida. Katika kumbukumbu alizochambua Kilduff, mkimbiaji aliyekuwa mbioni pamoja na mpinzani wake halisi alikimbia kilomita moja kwa takriban sekunde tano pungufu kuliko mbio ambazo mpinzani hakuwepo. Katika kilomita 10 za triathloni hiyo ingekaribia sekunde 50, ambazo kwa mtu wa ridhaa zinaweza kuwa mavuno ya miezi ya mazoezi.

Mnyonge hujikaza asimwangushe mwenzake. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Köhler aliwajaribu wapiga makasia wa Berlin kwa kuwainuisha uzito. Walipofanya wawili wawili kwa namna ambayo mmoja akichoka kazi ya wote inakwisha, aliye dhaifu alistahimili muda mrefu kuliko alipokuwa peke yake. Nguvu hiyo ilikuwa kubwa pale tofauti kati yao ilipokuwa ya wastani. Wakiwa sawa kabisa haikuonekana sana, na mmoja akimzidi mwenzake mno, mnyonge alikata tamaa.

Kulinganisha huleta mahudhurio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 2016 jaribio la wiki 11 lililohusisha karibu watu 800. Walioweza kuona mahudhurio ya wengine na kujilinganisha walikwenda mazoezini kwa asilimia 90 zaidi ya wale wasio na mpango wowote wa kijamii. Makundi yaliyopewa nafasi ya kutiana moyo tu, bila kulinganisha, hayakufanya vizuri. Urafiki mtupu hutoa ruhusa ya kupumzika: ukisema umechoka, rafiki atakuhurumia. Mpinzani atakupa pole, kisha ataondoka bila wewe.

Mwisho, mpinzani ni darasa. Anaonyesha kwa vitendo jinsi ya kubadili gia kabla ya mlima kuanza, wakati wa kunywa maji, namna ya kushuka kona bila kufunga breki ghafla. Mwanamichezo asiye na kocha hujifunza mengi kwa kumkodolea macho mtu aliyemwacha wiki iliyopita.

Bayi na Walker

Mfano mkubwa wa Tanzania ni wa Filbert Bayi na John Walker wa New Zealand. Ni mfano unaofaa hapa, kwa sababu riadha ya miaka ya 1970 ilitawaliwa na kanuni za ridhaa. Tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola. Walker alimfukuza hadi utepe bila kumfikia. Bayi alimaliza kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alitumia 3:32.52, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun ya 3:33.1 iliyodumu tangu mwaka 1967. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi upinzani unavyosukuma pande zote mbili. Tarehe 17 Mei 1975 huko Kingston, Jamaica, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa 3:51.0. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Agosti huko Göteborg, Sweden, Walker aliishusha hadi 3:49.4 na kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ulimwengu ulisubiri wakutane Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alipata dhahabu katika mbio za polepole, kwa 3:39.17, karibu sekunde saba nyuma ya muda aliokimbia Christchurch alipokuwa akimfukuza Bayi.

Fainali za Olimpiki mara nyingi huwa za mbinu, hivyo tofauti yote haiwezi kuwekwa kwenye kukosekana kwa mtu mmoja. Hata hivyo kasi ya Christchurch ilitokana na mtindo wa Bayi wa kutoka mbele na kuwalazimisha wengine waamue mapema. Rekodi yake ya michezo ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Birmingham 2022.

Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, anatoa mfano wa pili, wa kushindwa kunakojenga. Mwaka 1988 alipoteza Boston Marathon kwa Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu, 2:08:44 dhidi ya 2:08:43. Alimaliza wa pili tena Boston mwaka 1989 na 1990, mbele yake kila mara akiwa mtu tofauti. Katikati ya mfululizo huo, Novemba 1989, alishinda New York kwa 2:08:01, rekodi ya njia hiyo wakati huo.

Michezo mitatu, mizani tatu

Triathloni inafaa kwa upinzani wa kirafiki kuliko mbio za kawaida kwa sababu ni nadra watu wawili kulingana katika sehemu zote tatu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa sekondari wa Makambako na tabibu wa Njombe. Mwalimu alikulia kando ya Ziwa Nyasa na anaogelea vizuri. Tabibu hajiamini majini, lakini amezoea milima na humpita mwenzake kwenye baiskeli. Katika kukimbia wanakaribiana. Mwalimu akitoka majini dakika tatu mbele, anajua anafukuzwa. Tabibu akipanda baiskeli anajua dakika anazopaswa kurudisha kabla ya kilomita 20 kwisha. Kila mmoja analazimishwa kuimarisha upande wake dhaifu, kwa sababu ndipo mwenzake anapomshinda.

Tambo zao nazo hufuata mgawanyo huo. "Dokta, safari hii njoo na boya," mwalimu atasema Jumatatu. "Mwalimu, ule mlima wa Kibena bado unakuulizia," atajibiwa. Maneno kama haya yana kazi. Yanataja udhaifu halisi, yanaufanya usisahaulike wiki nzima, na kwa kuwa yamesemwa kwa mzaha hayamlazimishi mtu kujitetea.

Sehemu ya nne, inayosahaulika na wengi, ni kubadilisha mavazi na vifaa kati ya mchezo na mchezo, ambako saa haisimami. Anayehangaika kufunga kamba za viatu anaweza kupoteza dakika nzima aliyoitafuta kwa mwezi. Wapinzani wa kiwango kimoja hupata hapo ushindi wa bei nafuu, kwa sababu ujuzi huo hufanyiwa mazoezi uani bila kumwaga jasho jingi.

Kanuni moja inahitaji kueleweka mapema. Katika mashindano mengi ya ridhaa hairuhusiwi kuendesha baiskeli ukijificha upepo nyuma ya mwenzako, na umbali unaotakiwa kati ya baiskeli ni mita 10 au 12 kutegemea urefu wa mbio. Wapinzani waliozoea kukatiana upepo wa Makambako katika mazoezi wanapaswa pia kuwa na siku za kuendesha wakiwa wameachana, kila mtu akibeba upepo wake.

Namna ya kuupanga

Upinzani mzuri haujiendeshi wenyewe. Hatua ya kwanza ni kuchagua njia ya kudumu ya kupimana, isiyobadilishwa kila mara: kipande kimoja cha barabara, mzunguko mmoja wa vumbi, idadi moja ya urefu wa bwawa. Kupimana mara moja kwa mwezi kunatosha. Wanaopimana kila wiki hugeuza mazoezi yote kuwa mashindano, na mwili haupati nafasi ya kujijenga.

Hatua ya pili ni kusawazisha tofauti. Njia ya zamani ni kuanza kwa kupishana. Kama mmoja huendesha kilomita 20 kwa dakika 40 na mwingine kwa dakika 44, wa pili hutangulia kwa dakika nne, na kinadharia wanatakiwa kufika pamoja. Njia nyingine ni kuhesabu asilimia ya maendeleo. Aliyetoka dakika 48 hadi 47:02 katika kilomita 10 amepunguza sekunde 58, sawa na asilimia 2. Mwenzake aliyetoka dakika 56 hadi 54:36 amepunguza sekunde 84, sawa na asilimia 2.5, na ndiye mshindi wa mwezi ingawa alifika nyuma. Mfumo huu unawawezesha mume na mke, kijana na mzee, kuwa wapinzani wa kweli bila mmoja kuonewa.

Hatua ya tatu ni kuandika. Daftari linatosha. Simu na kundi la WhatsApp hurahisisha kazi kwa waishio miji miwili: mmoja akituma muda wake wa asubuhi kutoka Njombe, mwingine anausoma Makambako kabla ya chai. Hatua ya nne ni dau. Dau dogo la soda au sahani ya wali huongeza ladha, lakini la fedha nyingi hubadili uhusiano kuwa kamari na kuleta ubishi juu ya saa ya nani ilianza mapema.

Kalenda nayo hugawanyika vizuri kwa hali ya hewa ya huku. Miezi ya mvua inafaa kujenga nguvu na kufanya mazoezi ya ndani. Miezi ya baridi inafaa mbio ndefu za polepole ambazo mtu peke yake angeziahirisha. Kipindi cha Septemba na Oktoba, jua likiwa limerudi na njia zikiwa kavu, kinafaa kwa kupimana kwa nguvu zote.

Hatari na mipaka

Upinzani ukizidi huumiza kwa mambo kadhaa. La kwanza ni majeraha: mtu anayeona mwenzake ameongeza kilomita naye huongeza bila kujali maumivu ya goti au ya nyuma ya mguu. Tahadhari rahisi ni kwamba mpango wa mazoezi hufuata mwili wa mwenyewe, na mpinzani anaingia katika siku za kupimana tu.

La pili ni barabara. Kushindana kuteremka lami penye malori ni kucheza na uhai. Wapinzani wenye busara huhesabu muda wa vipande vya kupanda tu, na mteremko huachwa nje ya hesabu. La tatu ni maji. Ziwa Nyasa lina kichocho katika baadhi ya fukwe, mamba huwepo hasa karibu na midomo ya mito, na mawimbi yake hubadilika haraka. Kuogelea kwa kushindana hapo kunahitaji ushauri wa wavuvi wa eneo hilo na mtumbwi wa kusindikiza, wala hakuna tambo inayostahili kumfanya mtu asiyejua maji vizuri ajitose kwenye kina.

La nne liko moyoni. Mwaka 1981 Edward Deci na wenzake waliwapa watu mafumbo ya kutatua, baadhi wakiambiwa wamshinde mwenzao na wengine wajitahidi tu. Baadaye, walipoachwa huru, waliokuwa wameambiwa washinde walionyesha hamu ndogo ya kuendelea na mafumbo. Kushinda kukiwa ndiyo sababu pekee ya kucheza, mchezo hupoteza utamu mara tu ushindani unapoondoka. Dalili yake ni mtu kuficha mazoezi yake, kufurahia kuumia kwa mwenzake au kusingizia ugonjwa kila anapoona atashindwa. Hapo utani umegeuka kukomoana, na afadhali kupumzika miezi michache kuliko kupoteza rafiki na mchezo kwa pamoja.

Kuupima

Orodha ya nani kashinda mara ngapi haitoshi kupima afya ya upinzani wa kirafiki. Maswali matatu hufaa zaidi kuulizwa mwisho wa msimu. Je, muda wa kila mmoja umepungua, aliyeshinda na aliyeshindwa? Je, siku za mazoezi zimeongezeka kuliko msimu ambao kila mtu alikuwa peke yake? Je, mmoja alipougua au kubanwa na kazi, mwenzake alimsubiri na kumsaidia kurudi? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, mpango wa mazoezi una kasoro. La pili likiwa hapana, wapinzani hawakutani vya kutosha au wamepishana mno kwa kiwango, na inafaa kusawazisha upya au kutafuta mwingine wa kulingana naye. La tatu likiwa hapana, kilichobaki ni ushindani wa kawaida, ambao mtu anaweza kuupata kwenye mashindano yoyote kwa kulipia namba ya kifuani.